Namna ya Kuishi na Gari Lililokuzidi Umri Rungwe

Chagua gari ambalo nyumbani wamelikataa. Katazo la mke, mume au mama lina faida yake: litakulazimisha ulale chini ya gari na tochi mdomoni kabla hujatoa hata senti, kwa sababu ukirudi Tukuyu na mkweche unaovutwa kwa kamba, maneno utakayoyasikia yatadumu kuliko gari lenyewe. Wanaonunua bila kupingwa na mtu ndio wanaouziwa rangi mpya iliyopakwa juu ya puti.

Aina ya gari isikunyime usingizi. Pijo 404 ni gari la heshima. Lilishinda Safari Rally mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968, na ukilipata lenye bodi nzima usiliache. Datsun pikapu nayo haina neno. Lakini mtu wa Rungwe anayetaka gari la kupanda nalo Mwakaleli wakati wa masika, kushuka nalo Masoko na kubeba ndizi za shangazi yake njiani, nitamwambia bila kumung'unya maneno: tafuta Land Rover. Ukiweza, tafuta mia na tisa, ile ndefu yenye inchi 109 kutoka ekseli hadi ekseli.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948. Vita ilikuwa imekwisha, chuma Uingereza kikigawiwa kwa mgao, ndipo ndugu wawili waliokuwa wakiongoza kampuni ya Rover, Spencer na Maurice Wilks, wakaamua bodi iwe ya aloi ya alumini. Uhaba ule wa Waingereza umetufaa sisi hadi leo. Sehemu nyingi za Rungwe hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na bodi ya alumini haishiki kutu. Chasisi ndiyo ya chuma, tena ina uwazi ndani, na humo mvua yetu hufanya kazi kimyakimya ikianzia ndani kwenda nje. Kwa hiyo nenda kwa muuzaji na nyundo ndogo mfukoni. Gonga chasisi kutoka mbele hadi nyuma, hasa pale springi zinaposhikwa na kwenye boriti ya nyuma kabisa. Chuma kizima hulia; kilichooza hujibu kwa sauti ya kufa, na magamba mekundu hudondoka. Muuzaji akikuzuia kugonga, mpe mkono, mshukuru kwa kukuokolea fedha, ondoka.

Inua zulia la chini ya miguu ya dereva. Tikisa milango uone kama nguzo za bawaba bado zina nguvu. Palipo na alumini inayogusana na chuma, maji yakiingia kati, alumini huliwa ikawa unga mweupe. Hiyo nayo ni hasara, ila inarekebishika kwa kipande cha bati la alumini, ribiti na fundi mwenye subira. Ukishanunua, kila mwaka kabla ya mvua kubwa mimina oili chafu ndani ya chasisi kupitia matundu yake, weka karai chini kukinga inayochuruzika, na fanya kazi hiyo mbali na kisima na mto. Utanuka gereji kwa siku kadhaa, na harusi yoyote itakayoangukia siku hizo utahudhuria ukinuka hivyohivyo. Vumilia, maana chasisi ikishaoza ndiyo mwisho wa gari.

Sasa la kabureta, nalo naomba lisikilizwe vizuri. Usikubali kabureta iliyosetiwa Kyela itumike Tukuyu bila kuguswa, hata kama fundi wa Kyela ni shemeji yako. Tukuyu iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kyela iko karibu mita 500 tu. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa kuwa hewa inapungua uzito. Ile injini ya petroli ya lita 2.25, iliyokuwa na nguvu farasi zipatazo 70 ikiwa mpya, hubakiwa na kama 60 ikifika kwetu, na hapo bado hujaanza kupanda kuelekea Uyole. Petroli inaendelea kumiminika kwa kipimo cha bondeni wakati hewa haitoshi kuichoma. Matokeo yake ni moshi mweusi, plagi zenye masizi, na gari linalokohoa mbele ya stendi nzima. Fungua plagi utazame: masizi makavu meusi yanakuambia mchanganyiko umezidi petroli, kahawia iliyopauka inakuambia mambo ni sawa, weupe unakuonya kwamba petroli ni haba na injini inapata joto kali. Hali hiyo ya mwisho ndiyo itakayokukuta ukiteremka ziwani na kabureta ya Tukuyu, kwa hiyo beba bisibisi, urekebishe ukifika chini, na urudishe ulipokuwa kabla ya kupanda.

Asubuhi za Juni na Julai gari litagoma. Vuta choki, na betri ikiwa imelala, tumia hendeli. Hakikisha gia iko huru na breki ya mkono imevutwa. Dole gumba lilale upande mmoja na vidole vingine, lisiizunguke hendeli, kwa sababu injini ikirudisha teke itaondoka na dole lako. Usimwachie mtoto wala mgeni kazi hiyo ili apigwe picha.

Gia za matope zina rangi ili zisisahaulike. Kitufe cha njano kikibonyezwa, magurudumu manne yanafanya kazi. Mpini mwekundu ukivutwa nyuma, unapata gia nzito. Tumia hizo kwenye udongo mwekundu wa Mwakaleli, na ukirudi kwenye lami kavu uzitoe, kwani gari hili halina difu ya katikati, na mbele na nyuma zitavutana hadi kitu kivunjike. Tena, Land Rover nyingi za aina hii zina tangi la petroli chini ya kiti. Rafiki mvutaji sigara apande Noah.

Kuna watakaosema gari lako si halali tena kwa sababu lina injini ya Toyota au Isuzu. Wasikuumize kichwa. Gari la kuungwa kutoka vipande vya huku na kule lina historia yake ya heshima, hata Ulaya. Colin Chapman wa Lotus alianza 1957 kuuza gari lake la Seven likiwa vipande, kwa kuwa gari lisilounganishwa lilikwepa kodi ya mauzo ya Uingereza. Inasimuliwa kwamba sheria ilikataza kuweka maelekezo ya kuunganisha ndani ya boksi, hivyo Lotus wakaandika maelekezo ya kulifumua, na mnunuzi akayasoma kuanzia mwisho. Huku kwetu, kituo cha jeshi cha Kibaha kiliunda lori la Nyumbu, na Machi 2022 mchora katuni Masoud Kipanya alizindua gari la umeme Dar es Salaam. Fundi wa Tukuyu anayepachika injini ya dizeli ya Kijapani ndani ya chasisi ya Kiingereza yumo katika ukoo huohuo, nami namvulia kofia.

Nina masharti mawili tu. Tengeneza mabano ya kufungia injini mpya, lakini chasisi usiikate, na injini ya zamani uihifadhi mahali pakavu, kwani mjukuu wako anaweza kuitaka. La pili, kadi ya gari ina namba ya injini, kwa hiyo peleka taarifa TRA kabla trafiki hajaigundua tofauti yeye mwenyewe.

Gari la zamani la mtu mmoja ni mateso. La watu sita ni chama, na hapo ndipo raha inapoanzia. Kusanyeni wenye magari, pamoja na wale wasio na gari ila wana gereji, mashine ya kulehemu au kumbukumbu nzuri. Uenyekiti mpeni mtu mwenye gari linalowaka, kwa kuwa atahitajika kuwafuata wengine walikokwama. Uwekahazina mpeni mwenye gari bovu kuliko yote, maana yeye anajua bei ya kila kipuri kutoka Uyole hadi Kasumulu. Katibu awe na mwandiko unaosomeka, na nitaeleza kwa nini.

Fedha ziendesheni kama VIKOBA: kila mwezi hisa, kila mwenye shida anakopa, anarudisha. Tofauti ni kwamba mfuko huu unanunua vitu pia. Seti ya gasketi, koili, pointi, diski ya klachi na pampu ya breki ni mali ya chama, na vikae kwenye sanduku moja lenye kufuli. Mtu mmoja kuhifadhi koili tatu kabatini huku mwenzake amelala Isyonje kwenye baridi ni jambo la aibu, na kikao kiwe na ujasiri wa kumwambia hivyo usoni.

Msikutane Jumapili asubuhi. Wamoravian wako Rungwe tangu 1891, na hakuna chama cha magari kitakachoshinda kwaya. Kutaneni Jumamosi alasiri, pawepo mbalaga, chai ya Katumba na maparachichi, na mazungumzo yaachwe yatembee. Yataondoka kwenye difu, yatapita kwenye bei ya ndizi, na yatafika 1986 Tukuyu Stars ilipochukua ubingwa wa Tanzania. Yakifika hapo, usimkatishe mzee.

Wazee hasa ndio sababu ya kumtaka katibu mwenye mwandiko mzuri. Mafundi waliotunza Land Rover za mashamba ya chai, za misheni na za serikali wamezeeka, na wanachokijua hakimo katika kitabu chochote. Nendeni kwao mkiwa na adabu. Sema "Mwaghonile, tata", kaa, pokea chai, ndipo uulize alivyokuwa akitengeneza bushi pasipokuwa na duka la vipuri, au alivyokuwa akirekebisha pengo la pointi bila kipimo. Katibu aandike kila kitu: jina la kifaa kama wanavyoliita gereji, dalili ya ugonjwa, dawa yake. Kazi hii nahimiza ifanyike mwaka huu. Gari lililooza unaweza kulipatia bodi nyingine, lakini fundi akiondoka hana kipuri.

Kazi nyingine ya chama ni kuwawahi wanunuzi wa chuma chakavu. Kila pikipiki ya miguu mitatu inayopita vijijini na mizani inaweza kuwa inaelekea kwenye chasisi nzima iliyojificha ndani ya migomba. Watu hawauzi kwa ubaya. Wanauza kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba kuna mtu anayelitaka gari kama gari. Mwambieni mtendaji wa kijiji, mwambieni mchungaji, waambieni vijana wa bodaboda ambao huona kila ua. Oktoba 2024 Arusha iliandaa tamasha la Land Rover, zikajaa barabarani kwa mamia katika jitihada ya kuvunja rekodi ya dunia ya magari 632 iliyowekwa Ujerumani 2018. Nchi iliyoweza kupanga msafara wa namna ile haipaswi kupeleka mia na tisa kwenye tanuri kwa bei ya kilo.

Na magari yatumike. Yule anayeliosha kila siku na kulitoa siku ya maharusi tu amenunua pambo la uani. Mkaribisheni chamani kwa upendo, kisha mpeni mzigo wa mkaa abebe. Safari fupi ya kuanzia ni Daraja la Mungu, kule Kiwira jirani na Chuo cha Magereza, ambako mto umepita chini ya mwamba wa volkano. Ya pili ni Ziwa Masoko, lililokaa katika kreta, na ambalo wenyeji husimulia kwamba Wajerumani walitumbukiza humo silaha na fedha. Ya tatu ni Matema, kupitia Ushirika, Kyela na Ipinda, na hiyo ndiyo mtihani.

Kwenye mteremko wa Ushirika shuka kwa gia ambayo ungeitumia kuupanda. Breki za ngoma zikipata joto hupoteza nguvu, na zikilowa maji zinahitaji kukanyagwa kidogokidogo huku gari likitembea hadi zikauke. Gari lenye breki bora litangulie au lifuate? Lifuate, lenye breki dhaifu likae mbele, lisije likamgonga mwenyekiti. Kila gari libebe maji, kamba, kipande cha mpira wa ndani wa tairi na mtu mmoja asiyeogopa kuchafuka. Mkifika ziwani, acheni injini zipoe kabla ya kufungua rejeta. Waliochemsha njiani wasichekwe hadi wameshakula.

Ikitokea siku umelazimika kuuza, gari litangazwe chamani kwanza kabla ya kwenda sokoni. Mkabidhi mnunuzi kadi, funguo, daftari la matengenezo, injini ya zamani kama unayo, na mwoneshe kitasa kinachotaka kuinuliwa ndipo kifunguke. Mpe na hendeli, maana ukiibakiza atakugongea mlango Julai, saa kumi na moja alfajiri.