Kumsifu Konokono wa Mukendo

Wenye kustahiki sifa duniani ni wengi, na wenye kuzitoa hawajapata kupungua: simba husifiwa kwa ushujaa ambao aghalabu humwachia jike autimize, mvua husifiwa na mkulima mpaka siku inapomzoa na shamba lake, na sangara wa Ziwa Viktoria husifiwa na wenye viwanda ajapokuwa amewala furu mpaka aina nyingi zikatoweka. Yuko mmoja ambaye sijasikia akitajwa kwa hisani, naye ndiye aliyetulea sisi tuliokuwa vijana Musoma katika miaka ya mwanzo ya karne hii, yaani ile intaneti ya kutambaa iliyokuja kwa waya wa simu na kufika hoi, ambayo sisi tuliiita Konokono. Maadamu hana wakili, na mimi nimekula chumvi yake kwa shilingi elfu moja kwa saa, naona insafu inanidai nimsimamie.

Makao yake yalikuwa chumba kimoja nyuma ya Mtaa wa Mukendo, baina ya kinyozi na fundi baiskeli, chenye kompyuta sita, feni moja, na tangazo la mkono lililosema kwamba fedha ikishapokewa hairudishwi. Mwenye kafe alikuwa mtu mpole katika kila jambo isipokuwa saa yake ya ukutani. Alipoiamuru modemu ipige simu, tulisikia kwanza mlio wa namba, kisha kilio kama cha paka wawili waliofungiwa ndani ya debe, kisha kimya. Na katika kimya hicho watu wazima walishusha sauti kama walio msibani. Modemu ile, kwa uwezo wake wote ulioandikwa juu ya boksi, ilibeba biti 56,000 kwa sekunde. Haikuwahi kufika huko, lakini kwa heshima tuseme ilifika. Picha ya megabaiti moja ni biti milioni 8, nazo kwa kompyuta sita zinazogombea waya mmoja ni robo saa kasoro kidogo. Ni mwalimu gani mwingine wa subira aliyepata kuisomesha kwa hesabu iliyo wazi kiasi hicho?

Wanaombeza kwa uvivu hawakupata kutafakari urefu wa safari zake. Kabla ya mkongo wa baharini wa Seacom kufunguliwa Dar es Salaam mwezi wa Julai 2009, mawasiliano ya intaneti baina ya nchi yetu na ng'ambo yalitegemea satelaiti zilizotundikwa kilometa 36,000 juu ya ikweta. Binamu yangu alikuwa akiuza dawa za mifugo Bunda, nami nilipomwandikia barua pepe kumwuliza bei ya mbuzi, barua ile ilipanda mbinguni, ikashuka ughaibuni, ikaenda kulala katika mashine ya Wamarekani, na binamu alipoifungua ikapanda tena na kushuka tena, jumla kilometa 144,000 za angani peke yake, ilhali basi la Mwanza hufika Bunda abiria hajazimaliza karanga alizonunua stendi. Sultani yupi wa zamani aliyepata kumwuliza mtu bei ya mbuzi kwa msafara wa adhama namna hiyo? Jibu lilikuja siku ya nne. Mbuzi alikuwa amekwisha kuuzwa.

Fadhila yake juu ya ufasaha ni kubwa zaidi, na wanaoandika leo kwa vidole gumba hawana budi kuikiri. Kwa kuwa kila dakika ilikuwa na bei, hatukuthubutu kuketi mbele ya kompyuta bila barua iliyokwisha kuandikwa nyumbani katika daftari, ikafutwa, ikafupishwa, ikasomwa kwa sauti, na ndipo ikapelekwa mjini mfukoni kama hati ya kiwanja. Shida ilikuwa katika barua za wakubwa. Mtu humwandikiaje shangazi yake bila shikamoo, bila kuuliza hali ya ng'ombe, ya mvua, ya jirani aliyekuwa na homa, na ya watoto mmoja mmoja kwa majina? Salamu peke yake zilikula shilingi mia tatu kabla ya haja kutajwa, na mwenye kafe, aliyekuwa mtu wa adabu, hakuacha kutusifu kwa malezi mema.

Juu ya maadili sitasema mengi, kwa kuwa baadhi ya wahusika sasa ni wazee wa kanisa na wajumbe wa kamati ya msikiti. Nitasema tu kwamba palikuwa na vijana walioingia pale wakitafuta picha ambazo mama zao wasingezipenda, na kwamba Konokono, kwa hikima yake, aliziteremsha kuanzia juu kama pazia: nywele kwanza, kisha paji la uso, kisha macho yaliyomtazama kijana kwa lawama, na hapo hapo muda ukaisha, au umeme ukakatika, au mzee wa mtaa akaingia kuulizia matokeo ya mtihani ya binti yake. Hakuna aliyefika mabegani.

Wengine humlaumu kwa kuwa hakupata kufika Butiama. Hao hawaijui nasaba ya jambo. Mwaka 1974 serikali ya Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama, ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mashine za hesabu za serikali kuleta hasara kuliko hesabu, na marufuku hiyo haikulegea mpaka miaka ya 1980. Mwalimu alizikwa kwao Oktoba 1999. Konokono alipoingia mkoani Mara alijua yuko katika ardhi ya nani, akatembea kwa ncha za vidole, na kwenda mpaka mlangoni pa Mwalimu akaona ni utovu wa adabu. Hayo ni maelezo yangu. Mwenye kafe alisema ni nguzo za simu.

Sasa nifikie hisani aliyoufanyia ukoo wetu. Mwaka 2004 kaka yangu mkubwa alikuwa akisoma Pune, Uhindi, naye alikuwa amekaa mwaka mzima bila kuandika. Bibi, aliyeishi Butiama, akataka picha yake. Kaka akaituma: amesimama mbele ya chuo na suti mpya. Nikaketi. Nywele zikaja, uso ukaja, tai ikaja kwa madaha, na picha ilipofika kiunoni saa yangu ikaisha. Nikamsihi mwenye kafe anikopeshe robo saa nipate miguu, akakubali. Waya ukakatika papo hapo, na chini ya mkanda wa kaka pakabaki rangi ya kijivu tupu. Tukaichapa hivyo hivyo, nikaitia katika bahasha, nikampa kondakta wa gari la Butiama.

Siku ya tatu alfajiri baba mdogo aligonga mlango wangu Nyasho, amevaa koti la misiba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Miguu ya kaka yako iko wapi?"

Nikamwambia kwamba ni intaneti, baba. Akaketi juu ya ndoo, akavua kofia.

"Imemkata lini?"

Huko Butiama wazee walikuwa wamekwisha kukutana, wamekwisha kuchanga za magongo, na bibi alikuwa hajala tangu bahasha ifunguliwe. Habari hizo zilipomfikia kaka, alipiga simu kwa jirani mwenye simu, akazungumza na bibi mpaka salio likaisha, na mwezi uliofuata akaandika barua ya mkono, kurasa sita, ya kwanza tangu aondoke. Siku hizi picha zake nzima, miguu yote miwili, huingia Butiama kwa simu tano au sita kwa siku, na baba mdogo hajafunga safari tena kwa ajili ya hata moja.

Kafe ilifungwa wakati nikiwa masomoni, na pale sasa wanauza makava ya simu. Robo saa ile niliyokopeshwa sikuilipa. Kama mwenye kafe yu hai na anayasoma haya, anidai: ni shilingi mia mbili na hamsini, ijapokuwa miguu sikuipata.