Saa Tano ya Nani?

Kosa lilikuwa langu, nalikiri mapema msije mkamlaumu Fundi. Nimeishi Oslo miaka kumi na moja, na taratibu nimeanza kusoma saa kama Wanorwe wanavyoisoma: tano ni tano. Tiketi ya feri ya kutoka Bodø kwenda Moskenes ilipoingia kwenye simu ikiwa na 05:30, niliwaandikia wenzangu kwenye kundi letu: "Feri ni saa tano na nusu asubuhi, msichelewe." Mmoja akajibu "Sawa," wa pili "Inshallah."

Wenzangu hao ni wa Tanga, walikuja kunitembelea wiki mbili. Fundi ana gereji, na Ustadh anafundisha madrasa. Kwa mtu wa Tanga, saa tano na nusu asubuhi chai imeshanywewa, vitumbua vimekwisha, na watu wanaanza kuulizana habari za mchele.

Tulitoka Oslo kwa gari la kukodi, kilomita kama 1,200 hadi Bodø, nyingi zikiwa kwenye barabara ya E6. Gari lilikuwa la umeme. Norway hiyo: mwaka 2024 karibu magari tisa kati ya kila kumi mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme. Fundi alifungua boneti, akatazama, akaifunga polepole kama mtu aliyeingia chumba cha wenyewe. "Hapa hapana kazi yangu," alisema, kisha akadai usukani. Usukani uko kushoto, na kijiti cha indiketa kiko upande ambao yeye amezoea waipa. Kila tulipokata kona, waipa zilifuta kioo kikavu kwa bidii, na walio nyuma yetu hawakupata habari yoyote. Tulivuka mstari wa Aktiki pale Saltfjellet tukifuta mvua isiyokuwepo.

Tangu hapo jua likakataa kuzama.

Sisi saa zetu twazihesabu kwa jua: likichomoza tunaanza moja, likizama tunaanza moja tena. Sasa mpeleke Mswahili Bodø, ambako jua halizami tangu mwanzoni mwa Juni hadi mapema Julai, kisha umwambie ni saa ngapi. Saa moja ya nini? Usiku upi? Ustadh alikuwa amejiandaa. Alishawauliza wanaojua, wakampa njia mbili, afuate saa za Makka au za mji wa karibu ambako jua linazama. Akachagua Makka. Nilimkuta anaswali Isha jua likimpiga kisogoni.

Pale tulipofikia mapazia yalikuwa ya mapambo tu. Nilitundika kanga ya mke wangu dirishani ili nipate giza kidogo. Saa sita za usiku nilikuwa nasoma jina la kanga bila taa: "Mgeni njoo mwenyeji apone."

Niliamka saa kumi na nusu alfajiri, nikagonga mlango wa wageni. Kimya. Ndani hamna mtu. Simu mbili ziko kwenye chaji. Kumbe walishindwa kulala, jua likawahadaa, wakaona bora watembee mjini kidogo kabla ya safari yao ya "saa tano na nusu". Niliwazungukia mitaani hadi nikachoka. Walirudi wenyewe, Fundi amebeba jiwe zuri la ufukweni, uso umejaa huzuni.

"Ndugu yangu, mji huu una msiba? Maduka yote yamefungwa, na mtaani hatujaona hata paka."

"Saa kumi na mbili hii!"

"Ya jioni?" akauliza Ustadh, na wallahi hakuwa anatania.

Tulifika gatini tukaiona feri ikiwa mbali, ndogo kama ngalawa. Nikatoa simu kuwaonyesha ujumbe wangu, nikijua nitashinda. Fundi akausoma kwa sauti, neno kwa neno, akanitazama. "Saa tano na nusu asubuhi. Umeandika mwenyewe, kwa Kiswahili. Saa tano haijafika." Sikuwa na jibu. Tukawekwa kwenye mstari wa wasio na nafasi, tukapanda mchana.

Visiwa vya Lofoten vilituziba midomo kwa muda. Milima inasimama kutoka baharini wima kama meno ya papa, na chini yake vibanda vyekundu vya wavuvi juu ya nguzo. Hata Fundi aliacha kuzungumza, dakika kama nne hivi. Barabara ni nyembamba, baadhi ya madaraja ni ya gari moja moja, na kila baada ya hatua kadhaa kuna kibao cha buluu chenye herufi M. Maana yake ni sehemu ya kupishana. Mimi nilikuwa nimesinzia kiti cha nyuma, kwa hiyo hakuna aliyewaambia.

"M ni msala," alisema Ustadh, aliyekuwa amebanwa tangu kwenye feri. "Wamefikiria wasafiri, Mungu awabariki."

"Msala wa kuswalia au wa kuendea?"

"Huo wa pili, na upesi!"

Niliamshwa na gari kusimama. Ustadh alikuwa ameshateremka, anazunguka kibao akitafuta mlango. Basi kubwa la watalii likapita pembeni yetu, na dereva akatupungia mkono kwa shukrani nyingi, maana tulikuwa tumempisha vizuri kuliko wote njiani siku hiyo. Kwa Ustadh subira iliendelea hadi kituo cha chaji kilichofuata.

E10 inaanzia Luleå, Sweden, na kuishia kijiji kiitwacho Å. Jina lote ni herufi hiyo moja, ya mwisho katika alfabeti yao. Hapo pana makumbusho ya samaki mkavu, na ndipo wageni wangu walipojiona wamefika kwao. Samaki aina ya kod wa majira ya baridi hufungwa wawili wawili mikiani, wakaning'inizwa kwenye chanja za miti bila chumvi, upepo na baridi vikamaliza kazi. Mwili kwa Waitalia, vichwa kwa Wanigeria. Ustadh alivuta pumzi akafumba macho: "Papa wa Deep Sea!" Ndilo soko letu la samaki Tanga.

Fundi akanunua mmoja mzima, mgumu kama mwiko wa ubwabwa wa arusi, akamlaza kwenye dashibodi apate jua. Jua alilipata, saa ishirini na nne. Siku tatu baadaye, wakati wa kurudisha gari, kijana wa mapokezi alifungua mlango, akaufunga, akaenda kumwita mwenzake. Faini tuligawana sawasawa.

Wageni wamesharudi Tanga. Samaki waliniachia, uwanja wa ndege Fundi alikataa kumfunga kwenye begi lenye nguo zake. Yuko kwenye baraza, nje, na kisu cha jikoni kimeshindwa. Anayemtaka aje Jumamosi na msumeno, saa tano asubuhi. Ya kwetu.