Madawati Yasituharibie Picha

Wanaobeza maonyesho ya picha ya hisani ya hotelini kule Masaki hawajui sanaa. Marehemu Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 alichora kwenye hadibodi kwa rangi za baiskeli. Leo, kwenye maonyesho haya, mtoto aliyechorwa kakaa sakafuni, daftari mapajani, kapata fremu ya mninga na taa yake peke yake. Darasani kwao umeme haujafika, lakini ukutani anang'aa! Akina mama wa kisomo nao walikumbukwa: wakapokea wageni kwa ngoma, wakapigwa picha, wakarudishwa na basi kabla ya chakula, giza lisije likawakuta njiani. Huruma iliyoje! Kuna mchoyo mmoja kaulizia madawati. Mtoto akishakaa vizuri, mwakani tutamchora nani?