Polo la Mbatata Halina Kitambulisho

Ndugu yangu unayeishi kisiwani na mke, watoto na mama mkwe, haya yangu hayatakupa shida kuyaelewa. Sisi wa Unguja tuna neema moja: boti ya Dar es Salaam ina nauli ya raia, na ya mgeni iko juu zaidi, kwa miaka mingi ilitajwa kwa dola kabisa. Neema hiyo naishukuru kwa moyo wote. Balaa ni mke wangu, Bi Hesabu. Akishasikia kitu kimepunguzwa bei, halali mpaka akitumie.

"Nauli yetu rahisi," aliniambia Ramadhani ikielekea ukingoni. "Kwa nini tununue mbatata Mwanakwerekwe, na Kariakoo ni saa mbili tu baharini?"

Mama mkwe, tunayemwita Bibi Sheha kwa kuwa hakuna anayeoa wala kuhama mtaani bila yeye kujua, akasema naye yumo. Shemegi yangu Maskati, aliyekuja likizo kutoka Oman, naye yumo. Watoto hawakusema kitu, walikwishavaa viatu.

Dirishani pa tiketi, Maskati akatoa pasi ya Oman, kijana akamtajia nauli ya mgeni. Bibi Sheha akajipenyeza mbele.

"Mgeni? Kitovu cha huyu nimekizika mwenyewe, Kikwajuni. Chako wewe kiko wapi?"

Foleni nzima ikaanza kuelezana vitovu vyao vilikozikwa. Kijana alikuwa na haki: sheria ya Tanzania haina uraia wa nchi mbili, na tiketi hukatwa kwa pasi. Lakini uchungu wa bibi niliuelewa. Mwanawe alikwenda kutafuta riziki, na kila akirudi karatasi inamwambia si wa hapa. Ile tofauti ya nauli nililipa mimi, maana Maskati alikuwa na riyali tupu, na Bibi Sheha alikuwa ananitazama.

Kariakoo tukanunua polo la mbatata, vitunguu, tenga la tungule, mchele wa Mbeya kwa kuwa nyumba nzima imechoka na mapembe, na friji. Hapo ndipo bei ya mwenyeji ilipotuacha mkono. Nauli ya raia humvusha raia. Polo la mbatata halina kitambulisho. Tulilipa mkokoteni mpaka bandarini, hamali wa Dar, mzigo wa boti, hamali wa Malindi tuliposhuka Unguja, kisha gari ya kutufikisha nyumbani. Bi Hesabu akapiga hesabu juu ya boksi la friji, akanyamaza. Polo letu lilikuwa limeipita bei ya Mwanakwerekwe. Mfanyabiashara hujaza chombo, gharama akaigawa kwa mapolo chungu nzima. Sisi tuliibebesha polo moja. Ndivyo kisiwa kilivyo: mchele mwingi, unga wa ngano, petroli, vyote huvuka maji, na kila mkono unaovigusa huchukua chake.

Hata umeme wa kuwashia hiyo friji hutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba. Waya mpya uliwekwa 2013, lakini Bibi Sheha hajasahau Desemba 2009, waya wa zamani ulipotutupa gizani mpaka Machi. Kwa hiyo hataki chakula kilale ndani ya friji zaidi ya usiku mmoja. Kila asubuhi tunaamshwa kumaliza viporo, Maskati akiwa wa kwanza.

Na pweza je? Yeye havuki bahari yoyote, anavuliwa hapa hapa, lakini hoteli zinamgombania na bei yake inatupanda kichwani. Mimi nasema punguzo la mwenyeji lisiishie dirishani pa tiketi. Mtu anayelea watoto kisiwani mwaka mzima analihitaji zaidi sokoni, anakokwenda kila siku, kuliko botini anakopanda kwa nadra.

Tungule zilifika rojo. Sikukuu yote tumekula mchuzi mwekundu. Bi Hesabu hakuvunjika moyo hata kidogo. Amekwishazungumza na majirani wa mitaa miwili: safari ijayo watachanga, walete mzigo mkubwa pamoja, gharama igawanyike. Maskati ameongeza likizo ili asimamie. Bibi Sheha ameamua ghala litakuwa ukumbini kwetu. Mimi sikuulizwa, nimekwishaanza kuhamisha makochi.