Kitovu cha Liyongo

Fumo Liyongo hakuwezwa kwa mkuki wala mshale. Kilichommaliza ni sindano ya shaba, tena kitovuni, na siri hiyo aliitoa mwenyewe kwa mwanawe, kijana aliyekwisha kuahidiwa na mfalme wa Pate binti wa kuoa. Hata hivyo, katika utenzi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913, shujaa walau aliulizwa kwanza.

Mashujaa wetu wa leo hawangoji kuulizwa. Kitovu wanakianika stetasi saa nne usiku: nani anawadai, nani kawaacha, na kwamba wiki hii yote nyumbani hakuna mtu. Asubuhi wanalia, “Jamani, nani kanichoma?” Sindano yenyewe siku hizi inatolewa bure, mfalme hana haja ya kupoteza binti.

Lakini Liyongo alikufa kishujaa, kapiga goti kisimani, upinde mkononi, watu wakaogopa kuteka maji siku kadhaa wakidhani yu hai. Hawa wa kwetu nao hupiga goti. Ila mkononi ni simu, na kamera imegeuziwa usoni.