Geti Moja, Visingizio Arobaini: Katibu Mstaafu Ajibu Wasomaji

Wasomaji wa Litein, Kapkatet, Roret na popote lori la majani ya chai linapokwama, barua zenu zimefika, nyingine zikiwa na matope. Karibu zote zalia juu ya mambo yale yale: geti, taa, mtaro, na pesa za kuvitunza. Nimezijibu kama nilivyokuwa nikisoma kumbukumbu za kikao, kwa sauti na bila huruma. Majina tu ndiyo nimeyaficha.

Katibu, mtaani kwetu tuko nyumba 40 na kila mwezi tunachanga Sh1,500. Jirani mmoja hulipa kwa maneno: "Ngoja bonasi ya Oktoba." Oktoba ilipofika alinunua tanki la maji, akaniambia ningoje ya mwaka ujao. Nimfanyeje? – Mlipaji Mpweke

Ndugu Mpweke, huyo jirani makato anayajua vizuri. Mbolea aliyokopa KTDA, shirika la wakulima wadogo wa chai, hukatwa kwenye malipo ya majani kabla pesa haijamfikia, wala hamwambii karani angoje. Chama chenu cha wakazi hakina mahali pa kukata, kwa hivyo kinategemea mkono wa mtu, na mkono wa kutoa huwa mzito.

Usimtukane, mpigie hesabu. Tuseme walinzi wawili wa usiku ni Sh36,000, umeme wa pampu Sh6,000, takataka Sh4,000, taa Sh2,000, na Sh12,000 za akiba. Jumla Sh60,000, ambazo kwa nyumba 40 ni Sh1,500 kila moja. Kumi wakigoma, mlinzi hapunguzi mshahara wala pampu hainywi umeme kidogo. Thelathini waliobaki watatoa Sh2,000 kila mmoja, au mtaanza kuila akiba. Mwambie basi kwamba hajakataa kulipa. Amekulipisha wewe.

Kumshtaki kunategemea karatasi zenu. Kama ni ghorofa yenye hati za sehemu chini ya sheria ya mwaka 2020, kila mwenye sehemu ni mwanachama, apende asipende. Mchango hugawanywa kwa kiwango cha sehemu yake, na asipolipa ni deni la kudaiwa mahakamani. Kama ni nyumba za ploti, nanyi ni chama cha hiari, atakayekataa kujiunga mtamshawishi tu. Ndiyo maana mitaa mingine huunda kampuni ya usimamizi, kila mnunuzi akapewa hisa inayoifuata nyumba. Anayenunua nyumba ananunua na wajibu.

Pesa za chama huingia kwenye simu yangu. Sijala hata shilingi. Juzi mtu akauliza hesabu iko wapi, nikakasirika nikatoka kwenye kundi la WhatsApp. Nimekosea? – Mweka Hazina Asiyelala

Ndugu, pesa za chama na pesa za unga zikilala kwenye simu moja, huamka zimekuwa ndugu. Naamini hujala. Lakini kuaminika si kazi ya uso wako, ni kazi ya karatasi.

Sajilini chama, ama kwa msajili wa vyama ama kama kikundi cha jamii chini ya sheria ya mwaka 2022. Mkipata cheti mtafungua akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, na pesa isitoke bila sahihi za wawili. Kila mwisho wa mwezi bandika ukurasa mmoja: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki, na nyumba zinazodaiwa. Mwaka ukiisha, mtu asiye wa kamati akague vitabu.

Ile akiba nayo itenge. Pesa ya kila mwezi ni ya mlinzi na umeme. Akiba ni ya siku pampu itakapoungua au mvua ya Kericho itakapoubeba mtaro na daraja lake. Chama kisicho na akiba hufanya harambee kila kitu kikiharibika, na harambee huchangiwa na wale wale.

Halafu rudi kwenye kundi. Ukitoka na hesabu, watu husema umetoka nayo.

Nimekuwa mwenyekiti miaka tisa. Geti ni mimi, mtaro ni mimi. Sasa vijana wanadai uchaguzi. Niwajibu nini kwa heshima? – Mwenyekiti wa Kudumu

Mzee mwenzangu, wajibu kwa tarehe. Huku kwetu kokwet ilikuwepo kabla ya geti la kwanza. Majirani walikaa pamoja, kila mwenye neno akalisema, na mzee wa kokwet akasikizwa kwa busara yake, si kwa kuwa ameshika ufunguo wa pampu. Itisha mkutano mkuu kila mwaka, toa notisi mapema, weka akidi kwenye katiba, soma bajeti kabla ya chai kuletwa (baada ya chai hakuna anayesikiliza), kisha mpige kura. Ukichaguliwa tena, utakuwa na la kuwaambia vijana. Usipochaguliwa, utapumzika, na geti litaendelea kufunguka.

Mimi ni mpangaji. Landilodi anasema mchango wa chama ni wangu. Chama kinasema ni wa landilodi. Mlinzi amekataa kunifungulia. – Aliye Nje

Pole, dada. Soma mkataba wako. Mkataba ukisema utalipa ada ya huduma, lipa na udai risiti. Usiposema, muulize landilodi. Kwa vyovyote vile, mwanachama ni mwenye nyumba, na ndiye wa kudaiwa na chama. Mlinzi aliajiriwa kuzuia wezi, si kukusanya madeni. Mwandikie mwenyekiti, na nakala kwa landilodi. Watu wawili wanaosukumiana deni huacha wakipata barua moja.

Jirani amepanda mistari mitatu ya chai kwenye njia yetu ya pamoja. Gari la wagonjwa haliwezi kugeuka kwenda hospitali ya AIC. Kamati inamwogopa kwa sababu ndiye mchangiaji mkubwa wa harambee zetu. – Njia Nyembamba

Ndugu, anayetoa pesa nyingi hanunui barabara. Tafuteni ramani ya mpimaji iliyotumika kugawa shamba kuwa ploti. Ikionyesha njia ni mali ya wenye ploti wote, kamati impe notisi ya maandishi kwa kauli moja, ili asijue wa kumnunia. Ikionyesha njia iliachiwa umma shamba lilipogawanywa, basi si yake wala si ya chama, na malalamiko yaende kwenye ofisi ya mipango ya kaunti.

Lakini kabla hamjapanda matatu kwenda Kericho, itazameni ramani hiyo vizuri pale mlipojenga geti. Afisa atakayeuliza kuhusu chai ya jirani atauliza pia nani aliwaruhusu kufunga barabara ya umma.