Naomba Kutozwa Ushuru wa Hewa

Kwa Afisi Inayohusika na Hewa,
Popote Ilipo,
Nairobi.

Mheshimiwa,

KUH: OMBI LA KUTOZWA USHURU WA HEWA

Mimi ni mkaazi wa Eastleigh, orofa ya nne, nyuma ya First Avenue, na mama wa binti wa miaka 7 mwenye pumu. Nashukuru kwa kijikaratasi chenu cha mawaidha. Kimenitaka nimkinge mtoto na harufu kali, vumbi, moshi na mabadiliko ya ghafla ya hali ya hewa. Nimetii, na hii hapa ripoti yangu.

Nilianza na harufu kwa kuwa ilikuwa karibu. Ayeeyo, kama tunavyomwita nyanya wa orofa ya tatu, alikuwa akifukiza uunsi, ubani wa Kisomali, kila jioni, na moshi wake ukipanda ngazi hadi kitandani kwa mtoto. Nilishuka, nikabisha hodi, nikaeleza. Akaomba radhi, na tangu siku hiyo chetezo chake hukipeleka juu ya paa. Shughuli nzima ilichukua dakika kumi na kikombe kimoja cha chai. Hakuunda kamati.

Vumbi na moshi vimenishinda, kwa maana sijapata mlango wa kubisha. Matope yaliyozolewa mitaroni yakaachwa kando ya barabara hukaushwa na jua la Februari yakawa unga, na kila matatu inayopita huupepeta. Upepo ukitoka mashariki hutuletea salamu za Dandora, jaa lililofunguliwa 1975, likatangazwa kuwa limejaa 2001, na mpaka leo linakaribisha wageni.

Kisha huja dhoruba. Wingu likitanda, watu huchoma taka upesi kabla hazijalowa. Upepo unaotangulia mvua huinua vumbi lililobaki. Radi ikipiga, stima hupotea, na hapo ndipo ninapostaajabia mpango wenu: nebulaiza ya mtoto huzimika na jenereta za maduka chini ya dirisha letu huwaka, yote kwa dakika ileile. Nikifungua dirisha, moshi. Nikilifunga, tanuri.

Msidhani natia chumvi kuhusu mvua ya radi. Melbourne, Australia, tarehe 21 Novemba 2016, siku ya joto kali iliishia kwa dhoruba. Unyevu ulipasua chavua za nyasi zikawa chembe ndogo mno, zikapenya hadi ndani ya mapafu. Maelfu walikimbilia hospitali na watu 10 wakafariki. Baadaye wenzetu wakaanzisha utabiri wa siku za namna hiyo. Sisi tuna kifua cha binti yangu, ambacho huanza kupiga mbinja kabla tone la kwanza halijaanguka.

Upande wangu najitahidi. Inhela ya kuzuia anaivuta asubuhi na jioni hata akiwa mzima, maana pumu iliyonyamaza haijahama. Ile ya bluu, ya dharura, haitoki mkobani. Muuguzi alinifundisha kutoboa kitako cha chupa ya maji ya nusu lita, nikachomeka inhela hapo, na mtoto akavuta dawa taratibu kupitia mdomo wa chupa. Madaktari wa Afrika Kusini waliipima mbinu hiyo, wakachapisha mwaka 1999 kwamba inafaa. Chupa nilinunua mpya dukani, kwa kuwa zile za mtaroni naona mnazitunza. Mbavu zake zikianza kuzama kila anapovuta pumzi, sisubiri mvua ikatike. Nambeba mgongoni, tunavuka mtaro huohuo uliofurika.

Sasa ombi langu. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa binti yangu haki ya mazingira safi, na tangu 2014 zipo kanuni za ubora wa hewa. Karatasi hatujakosa. Tuliyemkosa ni mtu wa kuja. Nimewaza sana sababu, nikaiona: hewa ni ya bure, na katika jiji hili kisicho na ushuru hakina mwenyewe. Mama akitandaza mitumba bila kibali, kanjo watatu, askari wa jiji, humfikia kabla hajauza soksi ya kwanza. Gari likiegeshwa bila kulipiwa, hufungwa mnyororo dereva akiwa bado anahesabu chenji. Kumbe kufika mnaweza!

Basi mtozeni binti yangu. Shilingi 10 kwa siku, nitalipa kwa simu. Nikichelewa, jambo ambalo nawahakikishia litatokea, nitumieni kanjo mkali kuliko wote, jioni ya mvua. Nitamwekea kiti kando ya dirisha, jenereta ikinguruma chini. Akimaliza kukohoa, atafungua daftari lake na kuuliza, kama anavyouliza kila mahali akikuta kitu hakijalipiwa: "Hii ni ya nani?"

Miaka saba nimengoja mtu wa serikali aulize hilo.

Wako mtiifu,
Mama wa orofa ya nne

Nakala: Ayeeyo, orofa ya tatu, kwa shukrani.